Esposa: Mke, Ahadi na Pingu



Katika safu hii tumezoea kulichukua neno moja, kulitua juu ya meza na kuligeuza huku na huku mpaka maana yake ionekane wazi. Juma hili tumelichukua neno la ugenini, nalo ni "esposa", neno la Kihispania. Maana yake ya kwanza ni mke, yaani mwanamke aliyeolewa. Lakini neno hilo hilo likiwekwa katika wingi, likawa "esposas", hubeba maana mbili kwa pamoja: wake, na pingu. Naam, pingu zile zile za chuma anazochukua askari polisi kiunoni.

Askari akisikia habari hii hucheka. Mkewe pengine hatacheka sana. Wala sisi tusiwe wepesi wa kuwacheka Wahispania, kwa maana magazeti yetu ya Kiswahili, kila yatangazapo habari ya harusi, huandika kwamba bwana fulani na bibi fulani "wamefunga pingu za maisha". Lugha mbili zilizozaliwa mbali mbali zimekutana katika chuma kimoja. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: je, neno "esposa" lilizaliwa na chuma ndani yake? Jibu ni la, halikuzaliwa hivyo. Lilizaliwa na kitu kingine kabisa, nacho kinamhusu kila mtu mwenye mume au mke, hasa sisi ambao riziki ya nyumba zetu hutoka kambini na kituoni.

Kihispania na sisi

Huenda msomaji akasema, "Kihispania ni cha Ulaya na Amerika, sisi kinatuhusu nini?" Kinatuhusu. Lugha hii ni lugha ya kuzaliwa ya watu wapatao milioni 500, na ni lugha rasmi katika nchi zipatazo 20. Moja ya nchi hizo ni ya Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake tarehe 12 Oktoba 1968. Kihispania ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika, kama kilivyo Kiswahili chenyewe.

Tena askari wetu wamekwisha kukisikia. Wanajeshi wa Uruguay walikaa miaka mingi mashariki ya Congo katika jeshi la Umoja wa Mataifa la kulinda amani, na lugha yao ni Kihispania. Mwaka 2010, Umoja wa Ulaya ulipoanza kuwafundisha askari wa Somalia katika kambi ya Bihanga, nchini Uganda, mkuu wa kwanza wa mafunzo hayo alikuwa kanali wa jeshi la Hispania.

Kulitamka neno letu si kazi. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu. Mkazo wa neno hili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya Kiswahili: es-PO-sa. Mume huitwa "esposo". Kwa wingi huongezwa "s": esposos, esposas.

Asili yake ni ahadi

Kihispania ni mtoto wa Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Katika Kilatini kulikuwa na kitenzi "spondere", maana yake kuahidi kwa dhati, kujifunga kwa kauli mbele ya mwenzako. Hii haikuwa ahadi ya barazani, isemwayo leo na kusahauliwa kesho. Warumi waliitumia katika mapatano ya sheria. Mmoja aliuliza kwa kinywa chake, "Spondesne?" yaani, "Je, waahidi?" Mwenziwe akajibu, "Spondeo", yaani, "Naahidi". Kwa swali hilo moja na jibu hilo moja, deni lilikuwa deni na mkataba ulikuwa mkataba.

Kutokana na kitenzi hicho Warumi walipata neno "sponsa". Mwanzoni halikuwa na maana ya mke, bali ya mchumba: msichana ambaye ahadi ya ndoa imekwisha kutamkwa juu yake. Neno lilipofika katika Kihispania lilipoteza herufi "n" njiani, na likaongezewa "e" mwanzoni, kwa kuwa Kihispania hakipendi neno lianze kwa "s" inayofuatwa na konsonanti nyingine. Ndiyo sababu shule kwao ni "escuela", na nyota ni "estrella". Basi "sponsa" akawa "esposa", na aliyekuwa mchumba akawa mke.

Hapa ndipo palipo uzito wa neno hili. Kwa asili yake, esposa si mwanamke aliyenunuliwa, wala aliyetekwa, wala aliyefungwa. Ni mtu ambaye ahadi imesemwa kwa ajili yake, na mwenye kuahidi anadaiwa ahadi hiyo mpaka leo.

Neno hili lina ndugu zake wa damu moja. Mmoja ni "responder", kujibu. Mwingine ni "responsable", yaani mtu wa kuaminiwa, mwenye kuwajibika, ambaye akiulizwa habari ya kazi yake ana jibu la kutoa. Kwa hiyo katika lugha ile mke na wajibu ni binamu. Mwanamume asemaye "mi esposa", "mke wangu", hata kama hajui, analitaja deni lake.

Hata neno lao la harusi limetoka huko huko. Harusi kwa Kihispania ni "boda". Msomaji asidhani kwamba ni pikipiki ya abiria! Boda hii imetokana na neno la Kilatini "vota", maana yake nadhiri, yaani maneno mazito anayojifunga nayo mtu kwa hiari yake. Ngoma, pilau na mavazi mapya huja baadaye. Kiini cha boda ni maneno mawili matatu yaliyosemwa mbele ya mashahidi.

Pingu zilivyopata jina

Sasa, chuma kiliingiaje? Pingu ni bangili mbili zilizounganishwa. Moja haiendi bila ya nyingine, na ukiitia moja mfukoni, ya pili hufuata. Watu wa zamani wa Hispania waliziona bangili hizo zikiandamana daima kama mume na mke, wakaziita "esposas" kwa mfano na kwa mzaha. Mzaha ule ukazoeleka, ukaingia katika kauli za mahakama na magereza, na leo katika kamusi ya Chuo cha Kifalme cha lugha ya Kihispania, kilichoanzishwa mwaka 1713, maana hiyo imeandikwa bila ya kicheko.

Mataifa mengine hayakufanya hivyo. Ndugu zetu wa Congo na Burundi waliosoma Kifaransa wanajua kwamba pingu huko huitwa "menottes", maana yake vikono vidogo. Wareno, walio majirani wa karibu kabisa wa Wahispania, nao husema "esposa" kwa maana ya mke, lakini pingu zao huziita "algemas".

Ndugu msomaji, yafaa uyashike mambo haya mawili. Kwanza, ni mke aliyetangulia, na pingu zikaazima jina lake. Si mke aliyeitwa kwa jina la pingu. Pili, mzaha ukikaa sana kinywani huacha alama moyoni. Mtu akisikia tangu utotoni kwamba neno moja ni la mkewe na ni la pingu, ni rahisi aanze kuamini kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja.

Anayejifunza lugha hiyo ajihadhari pia na maneno yanayofanana. "Esposar" ni kumtia mtu pingu. "Desposar" ni kuoa au kufungisha ndoa. Tofauti yake ni herufi moja tu, "d". Vivyo hivyo, gazeti la Hispania likiandika kwamba mtu fulani ametoka mahakamani "esposado", halina habari njema ya harusi. Maana yake ametolewa akiwa amefungwa pingu. Aliye na mke huitwa "casado".

Matumizi ya kila siku

Twende sasa nyumbani na sokoni, tusikie watu wenyewe wasemavyo. Nchini Hispania mwanamume wa kawaida, akizungumza na jirani yake, mara nyingi hasemi "mi esposa". Husema "mi mujer". "Mujer" ni mwanamke, na pia ni mke. Padri naye hutangaza mbele ya watu kwamba wawili hao sasa ni "marido y mujer", yaani mume na mke. Masikioni mwa Mhispania, "esposa" ni neno lililovaa tai. Hufaa katika barua, katika hotuba na katika utambulisho wa heshima. Lakini katika nchi nyingi za Amerika zinazosema Kihispania, "mi esposa" ni neno la kila siku na ndilo la adabu, na wako wanaoona kwamba "mi mujer" ni neno kavu kidogo.

Ukitaka kumwuliza mwenzako habari za mkewe kwa heshima, waweza kusema "su señora", karibu na sisi tusemavyo "bibi nyumbani hajambo?"

Katika fomu za serikali hukuti "mujer" wala "esposa". Hukuta "cónyuge", neno la mume na la mke vile vile. Nalo lina picha yake. Limetokana na neno la Kilatini la nira, ule mti wanaotiwa shingoni ng'ombe wawili walimao pamoja. Basi "cónyuge" ni mwenzako wa nira moja. Wakulima wetu wanajua kwamba ng'ombe mmoja akivuta na mwenziwe akilala, mtaro hupinda na shingo za wote wawili huchubuka.

Ndoa yenyewe ni "matrimonio", neno lenye "mama" ndani yake. Mali ya urithi ni "patrimonio", neno lenye "baba" ndani yake. Watu wa kale waligawa mambo hivyo: mama akapewa ndoa na watoto, baba akapewa mali. Tutaona punde kwamba mgawanyo huo haukukaa katika maneno tu. Lakini Wahispania wana matumizi mazuri pia ya neno hilo: "un matrimonio" ni mume na mke wakihesabiwa pamoja. Wawili wakiingia mlangoni, husemwa imeingia ndoa moja.

Kuoa ni "casarse", nalo limetokana na "casa", nyumba. Wana methali fupi isemayo "casado casa quiere", maana yake aliyeoa ataka nyumba yake. Vijana wetu wanaoishi chumba kimoja cha kambi pamoja na mashemeji wanne wataielewa methali hiyo bila ya mkalimani.

Zaidi ya hayo, katika sehemu za Amerika "esposa" ni jina la pete ya askofu. Hapo chuma kimetoweka, dhahabu imebaki, na maana imerudi nyumbani kwake: pete ni alama ya ahadi.

Sheria ilipokuwa pingu

Tungetamani kusema kwamba mzaha wa pingu uliishia vinywani. Haukuishia huko. Mkusanyo wa sheria za kiraia wa Hispania, uliotolewa mwaka 1889, uliagiza kwamba mume amlinde mke, na mke amtii mume. Ulinzi na utii: mambo hayo mawili askari anayafahamu. Lakini askari hutii kwa kiapo chake mwenyewe na kwa muda wa utumishi wake, naye hupata mshahara na cheo. Mke yule alitii maisha yake yote, bila ya cheo.

Mwaka 1932, wakati wa serikali ya jamhuri, Hispania ilipata sheria ya talaka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1939 na Jenerali Franco akashika nchi, sheria hiyo ilifutwa. Kwa miaka mingi ya utawala wake, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe kwa mambo ambayo leo twayaona madogo: kutia sahihi mkataba wa kazi, kufungua hesabu ya benki, kuchukua pasipoti. Ruhusa hiyo ilikuwa na jina lake katika sheria, "licencia marital", leseni ya mume. Msichana wa miaka 25 aliyekuwa huru kuweka sahihi yake siku ya Ijumaa, akiolewa Jumamosi, Jumatatu hakuweza.

Wako waliosimama kulipinga jambo hilo, si kwa bunduki bali kwa kalamu. Mmoja wao alikuwa mwanasheria María Telo, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2014, naye alijitahidi miaka mingi mpaka vifungu vile vibadilishwe. Tarehe 2 Mei 1975 ilitolewa sheria iliyoondoa wajibu wa mke wa kumtii mume, ikaondoa na leseni ile. Franco mwenyewe alifariki mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Katiba ya mwaka 1978 ikatamka kwamba mwanamume na mwanamke huoana wakiwa sawa kabisa mbele ya sheria. Mwaka 1981 sheria iliwapa wazazi wote wawili mamlaka sawa juu ya watoto, na talaka ikaruhusiwa tena.

Leo, wanapofunga ndoa ya kiserikali, msimamizi huwasomea vifungu vitatu vya sheria, cha 66, cha 67 na cha 68. Navyo vyasema kwamba mume na mke ni sawa katika haki na wajibu. Kwamba waheshimiane, wasaidiane, watende kwa faida ya jamaa yao. Kwamba wakae pamoja na wawe waaminifu. Mwaka 2005 yaliongezwa maneno mengine: washirikiane kazi za nyumbani na kuwatunza wazee, watoto na wengine wanaowategemea. Yaani kufua na kupika na kumwogesha mzee mgonjwa kumeandikwa katika sheria ya nchi kuwa ni kazi ya wote wawili.

Kambini kwao

Wasomaji wetu watapenda kujua habari za wenzao wa huko. Hispania ina kikosi cha polisi chenye nidhamu ya kijeshi, kiitwacho Guardia Civil, kilichoundwa mwaka 1844 kulinda barabara na vijiji. Askari wake tangu zamani wamekaa na jamaa zao katika majengo yaitwayo "casa cuartel", yaani nyumba iliyo kambi: ofisi na silaha upande mmoja, jiko na watoto upande mwingine. Msomaji aliyelelewa kambini hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kelele za buti alfajiri, na mama anayeifahamu zamu ya baba kuliko baba mwenyewe.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, katika nyumba hizo, mume ndiye aliyechukua esposas mkanda wa kiunoni, na esposa wake alikaa ndani. Mwaka 1988 wanawake walianza kuingia katika kikosi hicho kama askari kamili. Tangu hapo askari anayechukua esposas aweza kuwa yeye mwenyewe ni esposa wa mtu, na mumewe akabaki na sufuria na watoto. Lugha haikubadilika hata herufi moja, lakini mzaha wa zamani umegeuka upande wa pili.

Jina lake halipotei

Kabla ya kurejea kwetu, liko jambo moja la Wahispania linalofaa kujulikana. Mwanamke wao akiolewa habadili jina. Hapo zamani watu waliweza kumwita kwa heshima "señora de" fulani, yaani bibi wa fulani, lakini katika hati zake alibaki na majina yake mawili, moja la babaye na moja la mamaye. Mtoto naye kwa desturi huchukua jina la ukoo wa baba, kisha la ukoo wa mama.

Ndiyo sababu mwandishi mashuhuri wa Colombia aliitwa Gabriel García Márquez: García ni kwa baba, Márquez ni kwa mama. Mchoraji Pablo Ruiz Picasso alikuwa Ruiz kwa babaye na Picasso kwa mamaye. Yeye alichagua kutia sahihi kwa jina la mamaye, na dunia nzima inamjua kwa jina hilo. Kwa hiyo hata katika miaka ile mibaya, wakati mke hakuweza kufungua hesabu ya benki, sheria ilimwachia jina lake. Mkono ulifungwa lakini jina lilikuwa huru.

Pingu zetu za maisha

Sasa turudi katika Kiswahili. Msemo wa "kufunga pingu za maisha" hatukusudii kuuondoa. Una maana yake njema: kwamba wawili wameunganishwa na hawataachana kwa ajili ya njaa, maradhi au uhamisho wa kazi. Lakini ninyi mnaozishika pingu kila siku mnazijua kuliko washairi, na mnajua kwamba zina tabia tatu.

Kwanza, pingu hutiwa mtu asiyetaka. Anayetaka kwenda hutembea mwenyewe. Pili, ufunguo huwa kwa mtu mwingine. Tatu, pingu kwa kawaida hazifungi watu wawili. Hufunga mikono miwili ya mtu mmoja, na yule wa pili hubaki huru. Sasa angalieni ahadi. Ahadi hutolewa na anayetaka. Haina ufunguo, ila dhamiri. Na katika ndoa huwafunga wote wawili, mume kama mke. Nyumba ambayo mmoja tu ndiye aliyefungwa, na mwenziwe anazunguka na ufunguo mfukoni, hiyo si ndoa. Hiyo ni mahabusu.

Kiswahili chenyewe kimetupa funzo katika sarufi yake. Twasema mwanamume "ameoa", mwanamke "ameolewa". Mmoja ni mtenda, wa pili ni mtendwa. Wengi huishia hapo, katika sarufi na katika maisha. Lakini kitenzi hicho kina kauli ya tatu, nayo ni "kuoana". Hapo hakuna mtendwa. Wote wawili ni watenda. Hiyo ndiyo kauli iliyo karibu kabisa na "spondeo" ya Warumi, na mtoto wa shule ya msingi anaijua.

Jambo hili si la vitabuni tu kwa jamaa za askari. Mume hupata amri leo, kesho yuko mpakani au katika nchi ya mbali, na miezi sita au mwaka hupita. Mtoto akiugua usiku wa manane, nani atatoa fedha za matibabu, ikiwa hesabu ya benki ni ya mume peke yake na namba ya siri amekwenda nayo? Ada ya shule ikidaiwa, nani atatia sahihi? Na likitokea lile tusilolipenda kulitaja, mjane atafika ofisini na hati gani, ikiwa ndoa haikuandikishwa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto havijulikani viliko? Mke wa namna hiyo hakutiwa pingu na adui. Ametiwa na mtu ampendaye, kwa kusahau au kwa kudhani kwamba siri ya fedha ndiyo heshima ya mwanamume.

Dawa yake ni kazi ya jioni moja. Kaeni wawili, watoto wakiisha kulala. Wekeni mezani cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, namba ya utumishi, kitabu cha benki, na karatasi za kiwanja ikiwa mnacho. Kila mmoja ajue kilipo kila kitu na namna ya kukitumia. Jina la mke liandikwe kwa ukamilifu wake, si "mke wa sajini" tu, maana makarani wa pensheni hawamlipi mtu asiye na jina. Na ikiwa mke ndiye askari, kama ilivyo siku hizi katika nyumba nyingi, basi mume naye apewe habari zote hizo kwa haki ile ile.

Mtu akikamilisha hayo, anaweza kuliita jambo lake kwa jina lolote alipendalo, pingu au nira au pete. Maana ya kwanza ya esposa itakuwa imetimia nyumbani mwake: kulikuwa na swali, likapata jibu, na aliyejibu yupo kulitimiza.

Juma lijalo, Mungu akitujalia uzima, tutalichukua neno jingine. Wasalaam.